Mihogo Isiyo na Jeni

Nianze na ujinga wangu, maana mtausikia tu hata nisipousema. Niliwahi kusimama mbele ya mkutano wa kijiji, kata ya Kanazi, nimevaa kofia ya serikali, nikatangaza kwamba mihogo niliyoileta haina jeni hata moja.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele aliuliza kama mbegu ile ni GMO. Jibu la kweli lilikuwa "hapana", kisha nikae. Lakini mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Burundi, na pikipiki yangu ilikuwa haipandi mlima ikiona tope, kwa hiyo nikataka kuumaliza mjadala kwa kishindo. "Haina jeni!" nikasema. "Hata moja!" Watu wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyezoea kupigiwa.

Mliosoma baiolojia mnajua kwamba mhogo usio na jeni haupo, kama vile hakuna mbuzi asiye na mwili. Mimi pia niliisoma, kidato cha tatu, nikaielewa, nikaiacha hukohuko kidato cha tatu. Haukupita muda mrefu nikamkuta mama mmoja soko la Rulenge akiita wateja: "Njooni, nyanya zangu hazina jeni!" Alikuwa na wanunuzi wengi kuliko wenzake wote. Nikanunua na mimi. Ningefanyaje?

Nimestaafu juzijuzi, na ninyi mabwana shamba vijana mnaorithi pikipiki zetu mmeniomba niandike niliyoyaona. Vyeo na mishahara nitaviruka. Havikuwa virefu, hata mtu wa goti bovu angeviruka.

Nilizaliwa karibu na Lusahunga, wilaya ya Biharamulo, na kazi yangu ya kwanza ikawa kwenye kizuizi cha mazao palepale njia panda. Wenzangu walilia kupangiwa kule. Mimi nilishukuru, kwa sababu niliweza kwenda kula ugali kwa mama mchana. Liwekeni wazi kabisa kwenye kumbukumbu zenu: mimi ni mtu wa nyumbani. Nikilala kitanda kisicho changu, naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa bambo, kile chuma chenye mfereji ambacho unakichoma kwenye gunia ili kikutolee punje za kukagua. Nilikishika kama mkuki wa vita. Lori la kwanza likasimama, nikapanda, nikachoma gunia la kwanza lililokuwa karibu, na ukaanza kumwagika unga mweupe laini. Dereva, mtu mrefu aliyeitwa Side, alishuka taratibu akautazama.

"Huo ni unga wangu wa njiani," akasema. "Mahindi yako chini yake. Sasa wewe umekagua chakula changu cha usiku. Kina ugonjwa?"

Nikamwambia hakina.

"Alhamdulillahi," akasema, akaziba tundu kwa soksi.

Tangu siku hiyo Side hakupita Lusahunga bila kuniuliza kama unga wake bado ni mzima. Na ndiye aliyenizungusha dunia bila mimi kuondoka kwenye benchi. Alikuwa amepeleka mizigo kusini mpaka mwisho wa bara, alikuwa amefika Congo, Uganda na Kenya. Habari za GMO zilipoanza kufika kwetu, nilizisikia kwake kwanza.

"Kule kusini wanakula," alisema siku moja tukinywa chai. "Unga uko dukani, wanakoroga, wanakula, wanaenda kazini. Ukimuuliza mtu, anashangaa kwa nini unamuuliza. Ukivuka mpaka, jirani yao hataki hata kuisikia. Anakwambia bora njaa."

"Na Kenya?"

"Kenya wanabishana. Ukipita asubuhi imeruhusiwa, ukirudi jioni imezuiwa. Mimi huwa nauliza makanika kwanza kabla sijanunua ugali."

"Na Congo?"

Side alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Congo wewe! Kule nilimuuliza mama muuza chakula, huu unga una GMO? Akaniuliza, unauza wapi huo, na mimi nikaununue?"

Jambo nililoliona, na ambalo sijaliona likiandikwa, ni hili: kwa kila nchi, GMO inatoka nchi jirani. Wafanyabiashara wa Rwanda waliopita Lusahunga walihofia mahindi yetu. Watu wa Ngara wanahofia mbegu za Rwanda. Warundi wanatuhofia wote. Katika miaka yangu yote sijakutana na mtu aliyeniambia kwamba imeanzia kwake. Mimi mwenyewe nimeikanusha, nimeieleza, nimeitetea na kuitetemekea, na sijawahi kuiona kwa macho.

Kisha nikahamishiwa Kanazi, wilaya ya Ngara. Ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kusafiri. Nikaoa hukohuko, nikajenga hukohuko, ili nisihamishwe tena.

Aliyenipokea alikuwa Fidelis, bwana shamba mkongwe, mnene, mwenye buti zilizokatwa vidole kwa ajili ya vidonda. Alinitazama suruali yangu iliyopigwa pasi akaniambia nirudi nikalale nayo. "Mkulima akiona umenyooka hivyo atafikiri umekuja kupima ardhi," akasema. Yeye ndiye aliyenifundisha kuukagua mhogo kwa kuukata. Jani linaweza kuwa kijani zuri kabisa na chini mzizi umeoza. Unang'oa, unakata kipande katikati, unatazama kama kuna michirizi ya kahawia. Ukiona rangi ya kahawia, usiseme chochote mpaka mwenye shamba naye aone, kwa sababu ukitangulia kusema atadhani umekuja nayo mfukoni. Alinifundisha pia kukata pingili kwa kisu kikali, si panga butu, na kuhesabu macho yake kabla ya kufunga mzigo. Alistaafu akaniachia kisu hicho. Buti sikuzitaka.

Miaka ile ugonjwa wa michirizi ulikuja kama mgeni aliyeleta na godoro. Uking'oa shina, unakuta mizizi mizuri nje, ndani kama mti uliochomwa. Watu waliotegemea mhogo kwa msimu wa njaa walibaki wanatazamana. Ndipo ikaletwa mbegu mpya inayovumilia ugonjwa. Haikuwa GMO. Watafiti walichukua mhogo mmoja mgumu na mwingine mtamu, wakachukua unga wa maua ya huu wakauweka kwenye ua la ule, wakangoja. Hayo ndiyo ningeyasema mkutanoni, kama si mawingu.

Na baada ya makofi yale ya "haina jeni", nilidhani kazi imekwisha. Mkutano uliofuata nikaleta mihogo hiyo iliyochemshwa, watu waonje. Chuoni tulifundishwa kwamba chakula cha maonyesho apewe kiongozi kwanza. Nikampa mwenyekiti wa kitongoji sahani, kwa mikono miwili, nikiwa nimeinama. Aliishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshikie. Hakula.

Sasa, nilikuwa nimekaa Ngara muda wa kutosha kujua kwamba mwenye nyumba akikukaribisha pombe ya ndizi, yeye hutangulia kunywa, uone hajaweka kitu. Asiyetangulia ana sababu zake. Nilijua hivyo kuhusu pombe. Sikujua kwamba mhogo wa serikali nao ni pombe.

Sauti ikatoka nyuma: "Kula kwanza wewe, bwana shamba! Mgeni umempa, mwenyewe umeshika mkono nyuma!"

Alikuwa Yustina, jirani yangu, mjane, ambaye ukuta wa jiko lake na wangu ulitenganishwa na migomba tu. Nikala. Nikala kipande, wakasema bado, nikala cha pili. Nilipofika cha tatu mwenyekiti akamega kimoja kwa ncha za vidole. Tangu hapo sikuhudhuria mkutano wowote bila kula kwanza. Mke wangu aliacha kunipikia chakula cha jioni siku za mikutano. Aliuliza tu: "Leo ulikula vingapi?"

Lakini kula na kutokufa hakukutosha. Vijiji huwa na subira kuliko watafiti. Uvumi uliofika kutoka ng'ambo ulisema GMO haiui. Inakausha uzazi, polepole, bila maumivu. Kwa hiyo wakaanza kutazama tumbo la mke wangu. Tulikuwa na mtoto mmoja, Neema, ambaye wakati huo alikuwa ameanza sekondari. Hakukuwa na wa pili. Bwana shamba anakula ile mihogo kila wiki, mke wake kijana bado, na mtoto ni mmoja. Watu walijumlisha, miaka ya kabla ya mihogo hawakuihesabu.

Mbegu ikaanza kukataliwa kwa adabu. "Tutaipanda msimu ujao, bwana shamba." Wengine waliniuliza hali ya mke wangu huku wakinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa haraka.

Aliyebanwa zaidi alikuwa Yustina. Shamba lake lote lilikuwa limeoza chini kwa chini, na alikuwa ameshaamua kupanda mbegu yangu, hata pingili za mwanzo zilikuwa zimekwisha kuota. Na mwanawe Deo alikuwa anaposa msichana wa Rulenge. Upande wa msichana wakasikia. Wakatuma neno: hawatatoa binti yao aende kula mihogo inayofunga uzazi. Yustina achague, ang'oe mihogo au asahau mkwe.

Alikuja kwangu akiwa na jembe begani, hakuketi.

"Niking'oa nitakula nini?" akauliza. "Nisipong'oa Deo ataoa nini? Na wewe ndiye uliyetuletea. Twende ukawaeleze."

"Mimi si ndugu wa kwenda kwenye posa," nikasema. Rulenge ilikuwa mbali na nyumbani, na pale ningelazimika kukaa siku nzima.

"Ulipokuwa unapigiwa makofi ulikuwa ndugu."

Nikaenda. Asubuhi hiyo mke wangu alinifungia shati vifungo, jambo alilolifanya tu akiwa na la kusema. "Kaongee habari za mihogo," akasema. "Za kwetu ziache kwetu."

Nikamwambia bila shaka.

Kule Rulenge tulikaribishwa vizuri, tukaketi, wazee wao upande ule, wetu upande huu, pombe ikaonjwa na kugawiwa. Mazungumzo yalipofika kwenye ng'ombe yakasimama, kwa sababu shangazi wa binti, mwanamke mkavu mwenye kitenge cha sikukuu, alinyoosha kidole.

"Huyo ndiye bwana shamba?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ulisema mihogo haina jeni. Huyu kijana wetu anasoma, anasema kila kitu kina jeni. Nani mwongo?"

Ningeweza kusema kijana amesoma vibaya. Wote wangeniamini, kofia nilikuwa nayo magotini. Lakini kijana mwenyewe alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

"Nilikosea," nikasema. "Ina jeni. Hata wewe shangazi una jeni."

Watu wakageuka kumtazama shangazi.

"Mimi?" akasema. "Nani kaniwekea?"

"Wazazi wako."

"Basi hayo si mambo mabaya."

"Si mabaya. Ubishi ni pale watu wanapochukua jeni ya kiumbe kimoja wakaipandikiza kwa kingine maabara. Hii mihogo haikufanyiwa hivyo. Mhogo mgumu umeunganishwa na mhogo mtamu, ua kwa ua, ukapatikana mtoto. Ni kama tulichokijia hapa leo."

Mzee mmoja wa upande wao akauliza kama mhogo mgumu ulitoa mahari. Watu wakacheka, na nikaona mabega ya Yustina yakishuka kidogo. Nilidhani nimeshinda. Ningekuwa na akili ningeomba maji na kunyamaza.

"Maneno yako ni mazuri," shangazi akasema. "Wewe unaila?"

"Kila mkutano."

"Na mkeo anaila?"

"Anaila."

"Mna watoto wangapi?"

Nikasema mmoja.

"Yuko wapi wa pili?"

Deo alikuwa ameinamia viatu vyake. Yustina hakunitazama, aliutazama mrija wa pombe kama kwamba ndio utakaojibu. Nikawaza shamba lake. Nikawaza pingili zilizokwisha kuota, macho yakiwa juu kama nilivyomfundisha. Na ukweli ulikuwepo, nao ulikuwa mfupi. Neema alipozaliwa, ilibaki kidogo tu mke wangu atuache. Daktari akatushauri tusijaribu tena, tukakubaliana, na mimi nikamuahidi kwamba jambo hilo litabaki chumbani.

"Hakuna wa pili kwa sababu tunapanga," nikasema.

"Mnapanga nini?"

"Uzazi."

Baba wa binti, katekista, akasaidia. "Kwa kalenda?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayekupa nafasi, maana kanisa letu linaruhusu kalenda tu.

"Kwa hospitali," nikasema.

Nimeshuhudia ukame, nimeshuhudia viwavi, nimeshuhudia mkuu mmoja akilia kwenye mkutano wa bajeti. Sijashuhudia kimya kama kile. Hata kuku waliondoka uani. Shangazi aliunyanyua mrija, akanywa taratibu, akaurudisha.

"Kwa hiyo si mihogo," akasema. "Ni ninyi."

"Ni sisi."

"Mihogo haina kosa."

"Haina."

Akawageukia wazee wake. "Turudi kwenye ng'ombe."

Posa ilipita siku ileile. Yustina hakung'oa hata shina moja. Msimu uliofuata wale waliosema watapanda msimu ujao walikuja kuchukua pingili, maana habari za kwamba bwana shamba anakausha uzazi mwenyewe kwa makusudi, bila msaada wa mhogo wowote, zilisambaa kwa kasi ambayo serikali haijawahi kuipata kwa kampeni yoyote. Nilipoenda kumsalimia mama Lusahunga, nilimkuta Side anazijua. Alinipa pole, kisha akaniuliza kama ni kweli huko Ngara sasa mtu akitaka mbegu lazima aeleze habari za chumbani.

Kwenu vijana, sehemu ya kikazi inaishia hapo: mkiulizwa, jibuni kilichoulizwa, na mkishakijibu, ketini.

Sehemu nyingine ni ya nyumbani. Mimi niliimba besi kwenye kwaya ya kigango, na niliendelea kuimba besi. Hakuna aliyeniambia kitu. Mke wangu ndiye aliyekuwa mtunza vyombo wa chama cha akina mama, na masufuria makubwa ya sherehe yalikaa kwetu, stoo, yamepangwa moja ndani ya jingine. Jumapili moja baada ya misa walikuja akina mama watatu, wakasalimia vizuri, wakakaa, wakasifu maua, wakasema imeonekana vyombo vihamie kwa mwenzao anayekaa karibu na kanisa. Sisi ndio tuliokaa karibu na kanisa. Mke wangu aliwatolea, moja moja, akawapa na vifuniko. Kisha akanitengea chakula mezani akaenda kula kwa dada yake, siku hiyo na nyingine nyingi.

Hakuniuliza kwa nini. Nilikuwa nimeandaa jibu, kuhusu njaa ya Yustina na ndoa ya Deo, na lilikuwa jibu zuri. Sikupata pa kuliweka. Aliporudi kuongea na mimi aliongea habari za kuku na mvua, na za Neema shuleni, na mpaka leo ile siku ya Rulenge haina jina nyumbani kwetu.

Mihogo ya Yustina ilipokomaa aliniita nikaikate mwenyewe, nione. Mkwe wake alikuwa anaosha vyombo nje, tumbo kubwa. Niling'oa shina la katikati ya shamba, nikakata mzizi kwa kisu cha Fidelis, ukatoka mweupe pande zote, hakuna mchirizi. Nikamwonyesha. Nilitegemea ashukuru. Yustina alichukua kile kipande, akakitazama, akakitupa kwenye kikapu, akaangalia upande wa migomba, kule jikoni kwangu ambako mke wangu alikuwa anapuliza moto, akasema:

"Bwana shamba, ungesema tu ni wewe ndiye huwezi, uliugua matubwitubwi baada ya Neema, kabla ya hii mihogo. Wangekuonea huruma, mihogo ingepita vilevile, na masufuria yangebaki kwa mkeo."